Vikaoni tunakuja, tatizo tunaitwa kuchangishwa tu

Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki jana kwamba wazazi wa Dar hatufuatilii elimu ya watoto, eti tukiitwa vikao vya shule hatutokei, nimeisoma kwenye simu ya jirani yangu na mpaka leo inanikera. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi sijawahi kuandika kitu, hata pale mlipoandika vitu vya Mbagala ambavyo sisi wa Mbagala hatukuvijua nilinyamaza. Hii hapana.

Mngeuliza kwanza hivyo vikao vinaitwa lini. Jumatano saa tatu asubuhi. Mi ni fundi cherehani, saa tatu ndo watu wanaleta nguo, mwenzangu wa chumba cha pili anakwenda Feri usiku usiku kuchukua samaki na saa tatu yuko barabarani anauza. Taarifa yenyewe mtoto anakuja nayo jioni ya jana yake, kikaratasi kimechanwa kwenye daftari, "mzazi unaombwa kufika bila kukosa". Na bado tunafika! Tunafunga biashara tunaenda kukaa kwenye madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu, alafu mtu anaandika gazetini hatuji.

Sasa niwaambie kilichonitokea mimi. Mwaka huu nimeenda kikao, shule ni hizi za msingi za serikali huku kwetu, jina naacha kwa sababu mtoto wangu bado yuko pale. Agenda zimeandikwa ubaoni: kufungua, taarifa ya mwalimu mkuu, michango, mengineyo, kufunga. Michango ikaliwa saa nzima na zaidi, uji, mlinzi, karatasi za mitihani ya majaribio, kila kitu na bei yake. Tukifika mengineyo jua limeshakuwa kali, nusu ya watu wanaangalia saa. Nikanyoosha mkono nikauliza kitu kimoja tu, mwalimu wa hesabu wa darasa la nne alihamishwa tangu mwaka unaanza, nani anafundisha hesabu sasa hivi, na hawa watoto mwisho wa mwaka wana upimaji wa kitaifa? Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mzazi kama mimi, mtoto wake yuko hapo hapo, akanijibu "mama hilo ni la kitaalamu, tuwaachie walimu". Watu wakacheka. Kikao kikafungwa kwa sala. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa imeshapita, nimesaini jina na namba ya simu kama wenzangu. Wiki mbili mbele mtoto anarudi na kikaratasi kingine, twisheni ya jioni darasa la nne na la saba shilingi 2,000 kwa wiki, "kama wazazi walivyokubaliana kwenye kikao". Nani alikubali? Wapi? Nikaenda ofisini nikaomba kuona muhtasari, nikazungushwa, baadaye nikaonyeshwa, na nyuma ya muhtasari imebanwa kwa pini ile ile karatasi ya mahudhurio, sahihi yangu ipo, juu yake pameandikwa kwa peni ya rangi nyingine kabisa WAZAZI WALIORIDHIA. Mhariri mimi siyo mtu wa kelele lakini siku hiyo nilipiga kelele mpaka watoto wa darasa la kwanza wakaja dirishani kuchungulia. Na hiyo twisheni sasa, asiyelipa anatolewa nje anakaa chini ya mwembe anasubiri wenzake, na mada ya hesabu za sehemu ambayo asubuhi haikufundishwa ndo inafundishwa jioni. Ajabu eh, asubuhi mwalimu wa hesabu hayupo, jioni ya 2,000 yupo.

Nilienda kwa Afisa Elimu Kata pia, msije mkasema sikufuata ngazi. Akaniambia niandike barua ya malalamiko, ipitie kwa mwalimu mkuu. Yani nimshitaki mtu alafu yeye mwenyewe ndo anibebee barua.

Hivi mnakumbuka elimu bila malipo ilivyoanza Januari 2016? Waraka namba 5 wa 2015, tukashangilia huku mtaani. Januari 2018 Rais Magufuli akaja akapiga marufuku michango kabisa. Ilitulia kidogo, ikarudi imevaa nguo nyingine, siku hizi haiitwi mchango inaitwa makubaliano ya wazazi. Ndo maana wanazihitaji sana sahihi zetu. Na mimi sisemi serikali inaleta hela za kutosha, haileti. Ruzuku ya mtoto wa msingi ni 10,000 kwa mwaka, na hapo 6,000 ndo inaingia akaunti ya shule, 4,000 inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu. 6,000 kwa mwaka ni sh 500 kwa mwezi, chaki na karatasi na kitasa cha mlango humo humo. Sasa piga hesabu ya twisheni, 2,000 mara wiki nne ni 8,000. Mwezi mmoja tu mimi fundi cherehani nimeshaipita ile 6,000 ya serikali inayofika shuleni mwaka mzima, kwa mtoto huyo huyo mmoja! Na bado naambiwa sifuatilii. Walimu nao siwalaumu wote, mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 45, lile darasa la mwanangu wamepita mia, hata mimi ningechoka. Lakini kamati ya shule ipo kwa ajili ya nini kama haiwezi kuyasema haya kwa mkurugenzi? Ndo wanaopaswa kupitia bajeti na matumizi. UWAWA nayo, ule umoja wa wazazi na walimu, tulichagua, wawakilishi wa kila darasa, tukapiga makofi, tangu siku hiyo nimewaona wakipima unga wa uji basi.

Na twisheni hiyo ikiisha saa kumi na mbili watoto wanakwenda kituoni na hapo ndo kazi nyingine inaanza. Nauli ya mwanafunzi ni 200, konda akiona sare anafunga mlango au anawaambia "wawili tu wawili tu" na wako arobaini. Wanangoja giza linaingia, wa kike wanaanza kukubali lifti za bodaboda. Trafiki amesimama pale pale anatazama.

Ninachotaka ni hivi. Kikao kiwe Jumapili saa tisa alasiri, waislamu na wakristo wote tunaweza. Mengineyo iwe agenda ya kwanza na michango iwe ya mwisho, watu wakiwa wameshachoka, tuone itapita ngapi. Kabla ya kufungua, watoto watatu wa darasa la nne waokotwe tu hivi hivi, siyo wale wa kupangwa, wasome ukurasa mmoja wa Kiswahili mbele yetu na wafanye hesabu moja ya kugawanya ubaoni. Mapato na matumizi yabandikwe nje ya ofisi siyo ndani ya kabati. Na karatasi ya mahudhurio ichapwe juu kwa wino mwekundu HII NI SAHIHI YA KUHUDHURIA TU, nikiambiwa wino hakuna ntanunua mimi, si nimeshazoea.

Mwandishi wenu namkaribisha kikao kijacho, kikaratasi kikija ntawapigia. Akae na sisi kwenye madawati, siyo pale mbele kwenye meza yenye kitambaa na maji ya chupa. Alafu hilo la makonda mlipeleke LATRA, wale wanaosimamia daladala, mimi sina pa kulipeleka.

Mzazi wa darasa la nne,
Mbagala, Dar es Salaam