Shoga, chupa ya iodini iache kwanza

Mbweni, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai nyote huko Chake hamjambo, na mama miguu imeanza kumpa nafuu. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Kusi limeshika, asubuhi kuna kibaridi, na bahari ya hapa mbele inachafuka kila siku.

Barua yako na picha zake nimezipata. Picha nimezikuza kwenye simu nikazitazama moja moja, mpaka kona za kioo. Naelewa uchungu wako. Tangi lile la matumbawe umelihangaikia tokea lilipokuwa na mawe matupu, na kuyaona matumbawe laini yananywea moja baada ya jengine si jambo dogo. Unaniuliza kama utie iodini uliyouziwa dukani. Jawabu langu ni usitie. Maji ya bahari yana iodini kidogo mno, kiasi cha miligramu 0.06 kwa lita, na ikizidi inageuka sumu. Ndiyo maana tunaipaka kidondani iue vijidudu. Kipimo chake huna. Ukimwaga usichoweza kukipima, utapata tatizo la pili juu ya lile ambalo bado hulijui.

Tutazame kwanza nani kaanza kuanguka, na yuko wapi ndani ya tangi. Kwa maelezo yako, Xenia, yale matumbawe laini ya karibu na jiwe kubwa, ndizo zilizoanza: ziliacha kufumba na kufumbua, kisha zikayeyuka. Ikafuata Sarcophyton, lile la mwavuli, likajifunga. Lile jekundu, Dendronephthya, lilikuwa limeshaanza kunywea zamani. Zile Discosoma za chini, bapa kama uyoga, hazina habari. Matumbawe magumu mawili unasema ni mazima, na hapo sikubaliani nawe. La kushoto, lililo karibu na pampu, ni zima kweli. La kulia limepauka ubavu mmoja tu, na ubavu huo ndio unaoielekea Sinularia yako kubwa, lile tumbawe laini la vidole. Mgongoni rangi yake iko vile vile. Ingekuwa chumvi au joto, lingepauka lote, na la kushoto nalo lingeguswa.

Kisha, ukurasa wa pili, umeandika juu juu kwamba uliikata Sinularia kwa mkasi, humo humo tangini, upate kipande cha kumpa jirani. Umeitaja kama habari ya ukarimu tu. Mimi niliposoma hapo nikarudi kuzitazama picha upya.

Matumbawe laini hayana nyumba ya mawe ya kujifichia. Yana vijiwe vidogo tu ndani ya nyama yao. Silaha yao ni kemikali, za jamii ya terpini. Miaka ya 1980 mwanakemia John Coll na wenzake, kule Australia, walionesha kwamba kemikali hizi hazikai mwilini tu. Hutolewa majini na zinaweza kumdhuru jirani, khasa tumbawe gumu. Katika mkondo wa Pemba maji huzichukua zikaenda zao. Kwenye tangi lako zinazunguka na kurudi, na aliye chini ya mkondo wa Sinularia ndiye anayezipata kali zaidi. Siku ya kukatwa hutoka nyingi kwa pamoja, na ule ute mweupe ulioufurahia kuwa "umeshuka chini wenyewe" haukutoka tangini. Mfuko wa mkaa wa kuchujia nao unasema ni ule ule wa tokea mwanzo. Mkaa uliokaa muda huo wote umeshajaa, hauchukui kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa. Nunua mkaa mpya wa akwariamu, si wa jikoni, uoshe mpaka maji yatoke meupe, uweke pale maji yanapolazimika kupita ndani yake. Ila usiweke wote siku moja. Maji ya tangi la zamani huwa na umanjano ambao jicho limeshauzoea, na mkaa mpya huuondoa kwa siku chache tu. Mwanga unapenya zaidi, na tumbawe lililokwishadhoofika linapauka kwa mwanga ule ule wa taa uliokuwa hauna neno. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kifurushi, punguza saa za taa, ndipo uongeze. Ubadilishe kila wiki mpaka hali itulie. Sambamba na hilo badilisha maji, asilimia 10 hadi 15 kila baada ya siku tatu au nne, na ute wa chini uunyonye kwa mpira.

Sasa Sarcophyton. Tumbawe hili lina tabia ya kujivua. Linajifunga, vijidole vyote vinaingia ndani, juu linang'ara kama limepakwa nta, na wengi hapo hudhani limekufa. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi, ile ngozi inabanduka na kuchukuliwa na mkondo, tumbawe linafunguka likiwa safi. La namna hiyo usilisumbue. Lielekezee maji kidogo, basi. Lako si hivyo, kwani unasema hufunguka siku moja kisha likajifunga tena, na ngozi haijabanduka. Hiyo ni dalili ya kuudhiwa na kitu ambacho bado kimo majini. Alhamdulillahi, shina lake kwenye picha limesimama. Liguse kwa kidole chenye glavu. Likiwa gumu na halina doa jeusi wala harufu, subiri. Ukiona sehemu imelainika na ina ute wa kahawia wenye kunuka, litoe nje, ukate kwa wembe mpya mpaka kwenye nyama nzima, ulisuuze kwenye maji ya tangi yaliyo ndooni, na maji hayo uyamwage. Safari hii kukata iwe nje ya tangi.

Xenia nina shaka zina sababu mbili. Kuacha kufumba peke yake si ugonjwa. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu ndugu yake, Heteroxenia fuscescens wa Bahari ya Shamu, ulionesha kwamba kule kufumba na kufumbua husukuma mbali oksijeni inayojikusanya juu ya tumbawe, na hivyo mwani ulio ndani ya mwili wake unatengeneza chakula zaidi. Na hata huko baharini huwa na wakati mfupi wa kupumzika mchana. Kuyeyuka ndiko kubaya. Umenambia umeweka dawa ya kuondoa fosfeti na sasa vipimo vyako vya fosfeti na naitreti vyote vinasoma sifuri, na umeliandika hilo kwa furaha. Shoga, kwa matumbawe laini sifuri si sifa. Mengi huku kwetu hukaa karibu na pwani, penye maji yenye chakula kiasi. Mimi huridhika nikiona naitreti miligramu 5 na fosfeti kama 0.05 kwa lita. Hebu itazame dawa yenyewe. Ikiwa ni vidonge vyeupe, kwa kawaida ni aluminiamu oksaidi, na aluminiamu inapovuja majini Sarcophyton hunywea, kwa hiyo iondoe leo. Ikiwa ni punje za rangi ya kutu, hiyo ni ya chuma, ipunguze tu.

Lile jekundu, Dendronephthya, nakwambia kwa huzuni kwamba linakufa njaa, na lingekufa hata kama Sinularia isingekatwa. Ndani ya mwili wake hamna mwani wa kulilisha, hivyo taa yako haina faida nayo. Mwaka 1995 Katharina Fabricius na wenzake walionesha kwamba Dendronephthya hemprichi wa Bahari ya Shamu huishi khasa kwa kula mwani mdogo unaoelea, na analetewa na mkondo usiku na mchana. Kuuleta mkondo na chakula kiasi hicho sebuleni, bila ya kuyaharibu maji, ni kazi inayowashinda hata wenye mitambo mikubwa. Yule aliyekuletea kutoka Dubai usimwagize jengine. Na tafadhali, usije ukashawishika kumtuma mvuvi akakukatie la kisiwa cha Misali. Eneo lile limehifadhiwa tokea 1998, na tumbawe linalokwenda kufa sebuleni halina haki ya kung'olewa popote.

Jengine la kutazama ni wageni wa usiku. Kijana wako anapenda kuokota makauri, na kwenye picha moja naona kama kuna gamba jeupe nyuma ya jiwe. Zima taa, subiri muda wa saa mbili, kisha umulike kwa tochi. Ukimkuta kauri mweupe pe kama yai, kavaa nyama nyeusi juu ya gamba, huyo ni Ovula ovum, na chakula chake ni Sarcophyton na Sinularia. Sumu za matumbawe hayo, zinazowafukuza samaki wengi, yeye anazigeuza mwilini mwake zikapungua ukali. Ni kiumbe mzuri sana. Mrudisheni baharini akiwa hai. Tazama pia konokono wadogo wasio na gamba, wenye rangi ile ile ya tumbawe walilolikalia, na mayai yao yaliyotagwa kwa mzunguko.

Hili la mwisho nalisema kwa ukali. Umeandika kuwa unataka kulihamisha lile jiwe lenye Palythoa, wale wanyama wa jamaa ya matumbawe walioota juu yake, ulisugue kwa brashi na pengine ulichemshe upate kulitumia tena. Usilichemshe kabisa, wala usilisugue kwa mikono mitupu! Kutoka kwenye jamii hiyo ndiko ilikopatikana palitoksini, iliyotenganishwa na Moore na Scheuer kule Hawaii na kutangazwa 1971, nayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana baharini. Mvuke wa mawe ya namna hiyo umeshawapeleka watu hospitali pamoja na watoto wao. Vaa glavu na miwani, lihamishe likiwa limelowa, basi.

Kuhusu maji mapya, usichote kwenye hori la Chake, penye mikoko na tope. Mwambie mwenye mashua wa Wesha akuchotee nje, wakati maji yanajaa, siku isiyokuwa na mvua kubwa nyuma yake. Pima chumvi iwe sehemu 35 kwa elfu, na refraktomita, kile kipima chumvi, uirekebishe kwa maji ya kipimo hicho hicho badala ya maji matamu. Maji yanayopotea kwa joto yajazie kwa maji matamu yaliyochujwa. Ya kisima yanaacha chokaa na mengineyo kila siku. Na kama uliwahi kutia dawa ya samaki yenye shaba humo, nambie upesi, maana hapo mazungumzo yatabadilika yote.

Nijibu haya: Sinularia uliikata siku gani khasa, Xenia ya kwanza iliyeyuka siku ngapi baadaye, na ile dawa ya fosfeti ni nyeupe au ya kutu. Nipigie na picha ya lile tumbawe gumu la kulia kila Ijumaa, pembe ile ile, taa ile ile, tuone kama weupe unasonga mbele au umesimama. Ukisimama baada ya mkaa mpya, tutakuwa tumempata mkosaji, na Sinularia itabidi uihamishie upande wa kutokea maji, au umpe jirani yote.

Mama msalimie sana, na kijana mwambie shangazi yake anaisubiri habari ya kauri.

Wako akupendae,
Shoga yako wa Mbweni