Watafiti wa PHD tunafunzwa pipeti, hatufunzwi kazi

Kwa Mhariri,

Kila nikienda nyumbani Siaya, dani, yaani nyanya yangu, huniuliza swali moja tu, "nyathina (mtoto wangu), bado unasoma?" nami namjibu ndio dani, bado, naye ananyamaza anaendelea kuchambua omena zake. Huu ni mwaka wangu wa sita. Nafanya PHD ya biolojia ya molekuli hapa Kisumu, na kilichonisukuma kuandika si umri wangu bali ni hawa vijana wanaoingia nyuma yangu wakiwa na moyo ule ule niliokuwa nao, na hakuna mtu anawakalisha chini kuwaambia kwamba tunafunzwa vizuri sana kushika pipeti, kile kifaa cha maabara cha kunyonya na kupima vimiminika, lakini hatufunzwi hata siku moja tutafanya kazi gani siku ile tutaiweka chini.

Wacha kwanza nieleze hii kitu yenyewe, sababu wengi wanadhani PHD ni kukaa darasani. Darasa nilimaliza kitambo. Mimi naamka saa kumi na moja, nashika matatu hadi zahanati za mashambani, nachukua matone ya damu ya watoto wenye malaria yaliyokaushwa kwa karatasi, nikirudi maabara natoa DNA ya kimelea naiweka kwa mashine ya PCR, ya kutoa nakala za DNA. Hiyo mashine inapasha hadi digrii 95 ili nyuzi za DNA zifunguke, inashuka kama 55, inapanda tena 72, inarudia hivyo mara 30 au 40 mpaka kipande kidogo cha jeni kinakuwa nakala nyingi za kutosha kusomeka. Mimi natafuta mabadiliko kwa jeni ya kimelea inaitwa K13, maana mengine huonyesha kimelea kimeanza kuzoea dawa. Watafiti walishaonyesha Rwanda mwaka wa 2020 na Uganda mwaka wa 2021 kwamba kuna vimelea vimeanza kuzoea artemisinini, na artemisinini ndio msingi wa zile tembe za AL unazopewa ukipatikana na malaria hospitali yoyote huku kwetu, na Uganda si mbali jamani, ni kuvuka Busia tu. Sasa mtu anayefanya hiyo kazi tunamuita mwanafunzi, halafu tunamdai karo.

Nataka nisimulie kuhusu friza. Mwaka wangu wa tatu, katika maabara niliyokuwa wakati huo, stima ilipotea Ijumaa jioni, jenereta ikawaka kidogo ikazima juu dizeli iliisha, na karatasi ya kununua dizeli ilikuwa inangoja sahihi ya mtu aliyekuwa ameenda semina. Friza ambayo inafaa ikae digrii 80 chini ya sufuri ikapanda pole pole wikendi yote. Jumatatu nilipofungua mlango maji yalikuwa yanatiririka hadi kwa viatu vyangu. Zile damu za kwa karatasi hazikupata shida, DNA ni ngumu, lakini damu niliyokuwa nimehifadhi kwa ajili ya RNA, ile nakala ya jeni ambayo seli hutumia, yote ikaharibika, RNA haivumilii joto, ni kitu cha kuvunjika haraka sana, na hapo ndio miezi kumi na minne ikaenda. Nililia pale sakafuni, na mama anayefagia maabara ndiye aliyeniinua akaniletea chai.

Kilichofuata ndicho sababu nasimulia haya. Miezi iliyofuata nilijifunza kupiga hesabu ya dizeli, nikajua kuongea na fundi wa friza asinizungushe, nikajua makaratasi ya kutoa parseli ya enzimu pale uwanja wa ndege Nairobi kabla barafu kavu haijaisha, nikajifunza mwenyewe usiku kwa simu kuandika programu za kuchambua data maana pesa ya kumlipa mtu hazikuwepo. Ilinichukua miaka kujua kwamba hayo yote ni kazi. Kuna watu wanaajiriwa kusimamia maabara tu, wengine kufuatilia ubora, wengine kununua na kuingiza riejenti, yaani kemikali za maabara, wengine bayoinfomatiki peke yake, yaani kuchambua data ya jeni kwa kompyuta. Na mimi kwa CV yangu nilikuwa nimeandika kwamba najua PCR na kupitisha DNA kwa jeli, basi. Hakuna supavaisa, hakuna ofisi, hakuna mtu aliyewahi kuniambia haya mengine pia ni ujuzi, yaandike.

Supavaisa nao siwalaumu sana. Wengi wao walifanya uzamifu wao wakarudi moja kwa moja kufundisha, hiyo ndio njia wanaijua, kwa hivyo hiyo ndio njia wanatuonyesha. Halafu tangu tume ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, itoe miongozo yake ya 2014 kwamba mhadhiri awe na PHD, watu wakaelewa kinyume, kwamba ukiwa na PHD basi wewe ni mhadhiri. Nafasi ziko wapi? Vyuo vya umma vina madeni, na wenzangu waliomaliza wanafundisha kwa vibarua vyuo viwili vitatu, leo ako Kakamega kesho ako Bondo, na malipo ya muhula mmoja anaweza kuyangojea mpaka muhula mwingine uishe. Mtu aliyesoma miaka ishirini na kitu anaomba nauli. Na wale waliokuwa wameshika kazi kwa miradi ya wafadhili, 2025 Marekani ilipovunja USAID, shirika lake la misaada, tuliona wenyewe hapa Kisumu vile kandarasi zilikatika, watu wakaaga maabara kwa wiki moja.

Wenzetu wa nje hii shida waliiona mapema. Uholanzi anayefanya PHD kwa kawaida ni mfanyakazi wa chuo, ana kandarasi ya kama miaka minne na mshahara. Ujerumani pia wengi wana kandarasi. Marekani kwenyewe, pale taasisi ya afya ya taifa NIH, walikubali kwamba wanazalisha wana-PHD wa baiolojia wengi kuliko viti vya uprofesa, na kuanzia 2013 wakatoa pesa kwa taasisi 17 wajaribu njia za kuwaonyesha wanafunzi kazi zingine, viwandani, kwa sera, kwa uandishi wa sayansi, kwa mambo ya hataza. Na huko mwanafunzi hategemei mtu mmoja, ako na kamati ya watu kadhaa wanaokutana naye walau mara moja kwa mwaka. Mimi nilikaa mwaka mzima na miezi mitatu bila kukutana na supavaisa wangu wa pili, na hakuna aliyeuliza.

Lakini sitaki mtu aseme hayo ni ya Wazungu. Hapa hapa kwa ziwa letu, Mbita, iko kampasi ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, inayoitwa jina la Profesa Thomas Odhiambo aliyeanzisha hiyo taasisi mwaka wa 1970, na tangu 1983 wana mpango wa kulea wana-PHD kutoka Afrika nzima, unasajiliwa chuo chako lakini kazi unaifanya kwa maabara zao, ndani ya mradi wenye bajeti, na wasimamizi wa pande zote mbili. Kile kijidudu kinachokaa ndani ya mbu na kumzuia asibebe malaria, Microsporidia MB, ripoti yake ya 2020 ilitokana na mbu wa huku huku ziwani. Kwa hivyo inawezekana na hatuhitaji kupanda ndege kuenda kuona.

Pesa nayo, sheria ipo. Ile sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013 inasema hazina ya utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo. Wabunge wetu wa huku magharibi wanaongea vizuri sana kwa matanga, ningependa siku moja nimsikie mmoja akiuliza hiyo asilimia 2 iko wapi.

Kuna jambo la akina mama ambalo lazima niliseme kabla sijasahau. Nilipata mtoto katikati ya hii PHD. Nilipokuwa mjamzito bado tulikuwa tunatumia ethidiamu bromaidi, ile rangi ya kuona DNA kwa jeli, ambayo inaweza kubadilisha jeni za mtu na mjamzito hafai kuikaribia, na nilipouliza nifanye nini niliambiwa nijipange. Nikajipanga kwa kukaa nje miezi minane, na karo ikaendelea kuhesabiwa. Wasichana wawili ninaowajua waliacha kabisa hapo hapo. Huwezi kusema unataka wanawake kwa sayansi halafu fomu ya likizo ya uzazi ya mtafiti haipo.

Mimi ningeomba vitu vichache tu, havihitaji hata Bunge. Chuo kimpe kila mtafiti wa uzamifu kamati ya watu watatu, na mmoja asiwe mwalimu wa chuo, awe mtu wa hospitali au wa kampuni ya mbegu au wa mamlaka ya dawa, wakutane mara mbili kwa mwaka, na swali moja lisilokosa liwe huyu mtu anaenda wapi baadaye na anakosa ujuzi gani wa kufika huko. Na mwaka wa pili au wa tatu atolewe maabara miezi mitatu akafanye atachimenti mahali pengine. Mahali pako pengi. Hospitali zetu zina mashine za GeneXpert, ambazo ukiangalia ndani ni PCR ile ile tunayofanya, inakuambia kwa masaa 2 hivi kama mtu ana kifua kikuu na kama kimekuwa sugu kwa rifampisini, na mara nyingi hizo mashine zikileta shida fundi anangojewa kutoka Nairobi. Mkemia wa Serikali ana ofisi Kisumu. Nakuru na Njoro kuna watu wa mbegu, na tangu ule ugonjwa hatari wa mahindi uonekane Bomet mwaka wa 2011 kila mwenye mbegu anahitaji mtu wa kupima virusi. Kwani hawa hawawezi kukaa na mwana-PHD miezi mitatu? Watapata mikono ya bure ya mtu anayejua kazi, naye atajua dunia ya nje inataka nini.

Posho ya kila mwezi pia, hata kidogo, hata ya nauli na chakula. Mtu anayekaa usiku na mashine anafanya kazi.

Kwa upande wangu sitangoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunakutana wana-PHD na wa masta kama kumi hivi kutoka maabara tofauti za hapa Kisumu na Maseno, kila mtu anakuja na CV yake, tunaisoma kwa sauti na kuiandika upya, yale yote mtu alifanya na hakudhani ni kazi yaingie. Kama unasoma gazeti hili na huwa unaajiri watu wa maabara, iwe hospitali, kiwanda au kampuni ya mbegu, tunakuomba sana uje utuambie huwa unatafuta mtu wa aina gani na ni nini kinakufanya uweke CV ya mtu kando. Nusu saa tu inatosha. Mhariri ako na namba yangu, na chai na mandazi zitakuwepo.

Mtafiti wa uzamifu,
Kisumu