Jasho la viganja si uzembe wa mfanya mazingaombwe

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wa barua wa gazeti lako malalamiko ya msomaji aliyemwona kijana mfanya mazingaombwe, kwenye sherehe ya watoto, akiangusha karata mara kwa mara na sarafu ikigoma kutoka mkononi mwake, naye akahitimisha kwamba vijana wa siku hizi hawafanyi mazoezi. Mimi naishi kwa kazi hiyo hiyo, katika kumbi za harusi, shule na hoteli za Dar es Salaam na mikoani, na sikatai kwamba wapo wanaosimama mbele ya watu kabla hawajaiva. Lakini hukumu ile imeruka jambo ambalo kila anayefanya kiinimacho kwa vidole vyake analijua na ni wachache wanaolizungumza hadharani, nalo ni hali ya ngozi ya kiganja: jasho kwa wengine, ukavu kwa wengine, na kwa baadhi yetu vyote viwili kulingana na mji tuliomo. Mkono uliofundishwa kwa miaka mingi hushindwa kazi ukilowa, hushindwa pia ukikauka, na mazoezi zaidi hayaondoi tatizo hilo.

Sitoi siri ya kazi nikisema kwamba michezo yetu mingi ya sarafu hutegemea kuishikilia sarafu kwa nyama za kiganja huku vidole vikionekana vimelegea na havina kitu. Aliyeufikisha ufundi huo mbali ni T. Nelson Downs wa Marekani (1867–1938), ambaye alianza maisha kama mpeleka simu za maandishi katika shirika la reli, kisha akapata umaarufu Ulaya na Marekani kwa mchezo wa kuokota sarafu hewani moja baada ya nyingine. Kazi ya namna hiyo inadai mambo mawili yanayopingana kutoka kwa ngozi ile ile: ishike kwa uhakika, na iachie papo hapo inapoamriwa. Ngozi kavu kabisa haina msuguano wa kutosha, kwa hiyo sarafu huteleza na kulia sakafuni. Ngozi yenye unyevu wa kadiri hulainika, ikagusana na sarafu kwa eneo kubwa zaidi, na hapo ndipo mshiko huwa bora. Unyevu ukizidi kidogo, sarafu hunata na kukataa kuanguka. Ukizidi sana, maji yanakaa kati ya ngozi na chuma na utelezi unarudi tena. Kwa karata hali ni hiyo hiyo: kidole kikavu hakiwezi kuisukuma karata moja kutoka juu ya pakiti, na kidole kilicholowa kinasukuma mbili au tatu kwa pamoja.

Kwa hiyo lengo letu ni kuupata unyevu wa kadiri, na mtu anayejitahidi kukausha mikono hadi tone la mwisho anahama tu kutoka tatizo moja kwenda lingine. Makeshia wa benki wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi, ndiyo maana karibu na kila anayehesabu noti kwa mkono utakuta kikopo chenye sponji iliyolowekwa maji.

Kinyume na wanavyodhani wengi, jasho la kiganjani haliletwi hasa na joto. Jasho la mgongoni na la usoni hutoka ili kuupoza mwili, ila la viganjani na la nyayoni huamshwa zaidi na mishipa ya fahamu inayochangamka tunapoogopa, tunapoona haya au tunapokaza akili. Hivyo kijana anaweza kufanya mazoezi sebuleni kwao Mbagala, kwenye joto la Februari, mikono ikiwa shwari, kisha akaingia katika ukumbi wenye kiyoyozi na kukuta viganja vimelowa kabla bibi harusi hajaketi. Pwani inaongeza shida ya pili, kwa kuwa hewa yetu ina unyevu mwingi na jasho likishatoka halikauki upesi. Anayepanda basi kwenda Dodoma wakati wa kiangazi, au Njombe iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari katika baridi ya Juni na Julai, atakutana na hali iliyo kinyume kabisa: ncha za vidole zinakuwa kama za mtu aliyeshika unga, na mchezo ambao jana yake ulikwenda bila kasoro unamponyoka mikononi.

Dawa ya kwanza ambayo vijana huambiana ni poda, na hapa ningependa kusema kwa mkazo. Poda juu ya mkono unaoendelea kutoa jasho hugeuka tope jembamba baada ya dakika chache, huchafua karata, huacha alama nyeupe kwenye suti nyeusi, na huifanya hadhira ishuku kitu ambacho hakipo. Upo pia unga wa stiarati ya zinki, ambao wafanya mazingaombwe wa tangu zamani wamekuwa wakiusugua kwenye karata ili ziteleze na kufunguka sawasawa kama kipepeo cha kupepea. Unga huo unafanya kazi hiyo vizuri, lakini ukivutwa puani na kufika mapafuni una madhara makubwa, na watoto wachanga waliwahi kufa kwa kuuvuta enzi zile ulipokuwa ukitiwa katika poda za watoto. Anayeamua kuutumia autumie kwenye karata peke yake, nje penye hewa, na kamwe asiufungue karibu na watoto, ambao ndio wengi wa watazamaji wetu.

Linalosaidia kweli kwa mwenye jasho la kawaida ni utaratibu. Anawe mikono kwa sabuni na maji ya baridi muda mfupi kabla ya kuanza, ajikaushe vizuri mpaka katikati ya vidole, kisha aache kushikashika vitu. Kiganja hakina tezi za mafuta kabisa. Mafuta yoyote yaliyopo hapo yametoka kwenye paji la uso, kwenye nywele zilizopakwa, au kwenye sahani. Naitaja sahani kwa makusudi, maana ukarimu wa harusi zetu ni kumkaribisha mtumbuizaji ale pilau kwanza, na mafuta ya pilau yakichanganyika na jasho hayaondoki kwa maji matupu. Mimi huomba chakula changu kiwekwe mpaka nimalize kazi, na sijaona mwenyeji aliyekasirika baada ya kuelezwa sababu.

Utaratibu huo uendelee ndani ya onyesho lenyewe. Leso ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini, ikae katika mfuko ambao mkono una sababu ya kuingia. Mchezo wa kwanza uwe ule usiotegemea mshiko wa hatari, tuseme wa kamba au wa vitambaa, ili woga upungue na jasho lishuke kabla ya sarafu kutoka. Baada ya kila mchezo mgumu uwekwe mwingine ambao mkono unashika kitambaa, kwa kuwa mkono unaoshika kitambaa mbele ya watu unajikausha bila mtu yeyote kujua. Mpangilio wa michezo unaozingatia jasho la mwenye kuifanya ni ufundi halisi, na ningependa vijana wafundishwe mapema kama wanavyofundishwa kuchanganya karata.

Karata nazo zina ngozi yake. Zile za karatasi hunywa unyevu wa hewa, zikavimba na kupinda, na ndiyo maana pakiti iliyoachwa wazi usiku mmoja Dar es Salaam wakati wa masika haifai tena kwa kazi ya makini. Karata zilizotengenezwa vizuri zina vishimo vidogo sana usoni mwake vinavyobakiza hewa kati ya karata na karata ili ziteleze, ila jasho na uchafu wa vidole huvijaza vishimo hivyo na pakiti ikaanza kunata. Za plastiki hazinywi maji na zinafutika, lakini vidole vikilowa hushikana vipande viwili viwili. Ushauri wangu ni kubeba pakiti za ziada ndani ya kopo linalofunga vizuri na kuibadilisha inayotumika mara tu inapoanza kuonyesha dalili, hata kama gharama inauma.

Kwa mwenye mikono mikavu, kazi kubwa inafanyika usiku. Mafuta ya mgando au krimu yenye yurea, kemikali inayotunza unyevu wa ngozi, ipakwe wakati wa kulala, ikiwezekana mikono ivalishwe glavu au hata soksi za pamba, ili ngozi iamke laini na isiyopasuka. Mchana, tone moja la gliserini lililochanganywa na maji likasuguliwa mpaka lipotee, kisha likapanguswa kwa kitambaa, linatosha kurudisha mshiko. Mafuta ya mgando yasipakwe kabla ya onyesho, kwa sababu yataziharibu karata zote. Palipo na dharura, pumzi ya moto kiganjani husaidia kwa muda mfupi. Kulamba vidole si jibu, kwa afya yake mwenyewe na kwa staha mbele ya watu ambao pengine ataomba noti au pete yao. Aangalie pia kinachomkausha: sabuni kali za kufulia na vitakasa mikono vyenye spiriti huondoa kinga ya ngozi, na anayevitumia siku nzima asishangae vidole vikipasuka.

Yapo hata hivyo mambo ambayo leso na gliserini haviyawezi. Wako watu ambao viganja vyao hutiririka jasho tangu utotoni au ujanani, mikono yote miwili kwa pamoja, mara nyingi na mzazi au ndugu mwenye hali hiyo hiyo, na jasho hilo hukoma wanapolala. Huo ni ugonjwa unaojulikana na wenye tiba, na inaniuma kuona kijana hodari anaacha kazi, au anakwepa hata kupeana mikono na wakwe, akiamini ni aibu yake binafsi. Jasho linaloanza ghafla ukubwani, la mwili mzima au la usiku, ni jambo jingine tena, kwa sababu linaweza kutokana na thairoidi, tezi ya shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi au na maradhi mengine, na mwenye nalo aende hospitali bila kuchelewa.

Matibabu yenyewe yanahitaji mtu anayejua kazi yetu ayapime kwa jicho la kazi yetu. Dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini ndiyo ya kuanzia kwa wengi. Hupakwa usiku kwenye mkono uliokauka kabisa na kuoshwa asubuhi, nayo huweza kuwasha ngozi. Upo utaratibu wa kutumbukiza viganja katika maji yanayopitishiwa umeme mdogo kwa kifaa maalumu, wenye manufaa kwa watu wengi, lakini haumfai mjamzito wala mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na nawasihi vijana wasithubutu kujitengenezea kwa chaja na beseni. Vidonge vya kupunguza jasho hukausha na mdomo pia, jambo zito kwa mtu ambaye nusu ya kazi yake ni maneno, na hupunguza uwezo wa mwili kujipoza kwenye joto kama letu. Sindano za sumu ya botulini (Botox) hukausha viganja kwa miezi kadhaa, ila huweza kudhoofisha kwa muda misuli midogo ya mkono, ambayo ndiyo hasa tunayoitegemea. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani ni hatua ya mwisho: mara nyingi jasho huhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na viganja vinaweza kubaki vikavu kuliko mfanya mazingaombwe anavyotaka. Madaktari wa ngozi tunao; Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na hospitali zetu kubwa zina kliniki za ngozi. Anayekwenda huko aseme wazi kwamba anaishi kwa vidole vyake, ili daktari amchagulie tiba akilijua hilo.

Kwa msomaji aliyeandika, naomba safari nyingine akimwona kijana anapangusa mkono kwa leso katikati ya mchezo, asimwone mbabaishaji. Na kwa wenye sherehe wanaotualika, ombi langu ni dogo kuliko malipo: kabla ya mshereheshaji kulitaja jina la mtumbuizaji, apewe robo saa ya kukaa peke yake mahali penye maji, sabuni na taulo kavu, na asiitwe kupeana mikono na meza nzima ya wageni rasmi wakati anaelekea kuanza.

Mfanya mazingaombwe,
Temeke, Dar es Salaam