Barua ya malalamiko: kuvu imepakwa rangi, chanzo chake kimeachwa

Kwa Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Nyumba za Kupangisha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUVU ILIYORUDI CHUMBANI NA BAFUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napinga barua yenu inayodai kwamba kuvu katika nyumba ninayopanga imetokana na matumizi mabaya, na kwamba shauri limekwisha kwa kuwa fundi wenu alipaka rangi.

Rangi hiyo haikudumu. Madoa meusi yametokeza tena kwenye kona iliyo nyuma ya kabati, plasta ya hapo inameguka ukiibonyeza kwa kidole, na nguo za kabatini zinanuka uvundo hata zikifuliwa. Kupaka rangi juu ya kuvu bila kuisugua wala kukausha ukuta ni kuificha tu, jambo ambalo fundi yeyote analijua.

Mnasema unyevu unatokana na kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Ili kujiridhisha, nilibandika kipande cha foili ukutani na kuziba kingo zake zote kwa utepe. Matone yalitanda upande wa chumbani, huku nyuma yake kukiwa kukavu. Kwa hiyo nakubaliana nanyi kwamba ukuta haupitishi maji ya mvua wala ya bomba, bali mvuke wa ndani ndio unaogeuka maji unapogusa ukuta wa nje ulio baridi. Lakini kila kaya hutoa mvuke, hata watu wakiwa wamelala, na wajibu wa nyumba ni kuupa pa kutokea. Fundi wenu alipofungua dari mbele yangu, tuliona kwamba bomba la feni ya bafuni linaishia humo humo juu ya dari, wala halifiki nje. Dirisha la chumba cha kulala nalo halifunguki tangu alipolipaka rangi likagandamana na fremu yake, nanyi katika barua hiyo hiyo mnanishauri nifungue madirisha!

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na kuvu majumbani na pumu pamoja na maradhi mengine ya njia ya hewa, hivyo hili si suala la mwonekano wa ukuta peke yake.

Naomba bomba la feni lifikishwe nje, dirisha lifunguliwe, na plasta iliyoharibika ibanduliwe, ukuta ukauke kabisa, ndipo upakwe rangi. Fundi aje na kipimo cha unyevu, na vipimo vichukuliwe kabla na baada ya kazi, kwani unyevu wa hewa ya ndani unapaswa kubaki chini ya asilimia 60.

Naomba pia mfute kwa maandishi tuhuma ya matumizi mabaya, ili isije ikatumika kukata amana yangu. Picha za ukuta, foili na bomba la feni nimeziambatisha.

Wenu,
Mpangaji