Kwa mdogo wangu anayetaka kutuandika wacheza bao

Mdogo wangu,

Salamu na dua. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi. Unataka tasnifu yako ituhusu sisi wa kijiwe cha bao hapa Magomeni, na mwalimu wako amekupa mfano wa David Hayano, yule mwanaanthropolojia aliyecheza poka kwa miaka katika majumba ya karata ya Gardena, kule California, ndipo mwaka 1982 akatoa kitabu kuhusu watu wanaoishi kwa karata. Nimempenda kwa jambo moja: aliketi mezani kama mchezaji.

Nawe usitangulize daftari. Njoo kwanza ufungwe.

Najua utasema umezaliwa hapa. Unajua mashimo 32, kete 64, unajua kila mmoja huanza na 22 mkononi. Hayo hata mgeni hufundishwa kabla jua halijazama. Lakini hujafungwa mkononi mbele za watu, kete bado umezikumbatia kiganjani na safu yako ya mbele haina hata moja. Mimi yalinikuta. Zilinishika kwa jasho, nikashindwa hata kuziachia. Mgeni akifungwa hivyo huambiwa, "Taratibu, utajua tu." Mimi nilipigwa vijembe mpaka adhana ya isha. Hapo ndipo nilipojua nimeshakuwa mwenzao.

Ila kuwa mwenzao nako kunapofusha, na hili ndilo linalonikosesha raha juu ya kazi yako. Yule mzee wa pale kwenye nguzo nilicheza naye miaka tisa. Nilijua anavyoilinda nyumba yake, lile shimo kuu la mchezaji ubaoni, nilijua pumzi yake ikibadilika anapotega. Siku ya mazishi ndipo niliposikia jina lake halisi, nikawaona wanawe watatu wakiwa wamesimama peke yao. Kijiweni mambo ya nyumbani hayaulizwi. Ndiyo adabu yetu, na mimi naipenda. Wewe itakubidi uulize, na kwa kuwa ni mtoto wa hapa itakuwia vigumu kuliko mgeni.

Tena waambie mapema kuwa unaandika. Usiwarekodi kwa siri, hata kama ni vijembe tu.

Njoo Ijumaa baada ya alasiri. Pale kwenye nguzo hapajakaliwa na mtu tangu afariki. Usikae hapo mpaka wazee wenyewe wakuonyeshe.

Kaka yako