Mafundi wa kesho wahesabiwe leo

Mhariri,

Binti yangu alimaliza mafunzo ya ushonaji mwaka jana. Sasa yeye na wenzake wanagombea wateja wale wale wa Igoma. Sisemi ushonaji ni mbaya (sare za shule hazijishoni), ila reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, kilometa 341, itahitaji mafundi umeme na wachomeleaji, na vizimba vya samaki vinaongezeka ziwani. Mkataba wa reli husainiwa miaka kadhaa kabla treni haijapiga honi. Kwa nini VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo binafsi wasikae na waajiri kila mwaka, wakadirie mafundi watakaohitajika, ndipo wapange nafasi za mafunzo? Makadirio yatakosea, sawa, yarekebishwe mwaka unaofuata. Waanze na injini za boti: huku Kirumba fundi mmoja tunamsubiri siku nzima.

Mzazi,
Kirumba, Mwanza