"Ule mkojo wetu umefika wapi?" Barua kwa watafiti vijana wa Unguja na Pemba

Wanangu mlioko maabara, vyuoni na mashambani,

Assalamu alaykum.

Juma lililopita nilikuwa sokoni Chake Chake nachagua muhogo, akanishika mkono mwanamme mmoja wa makamo. "Bwana Kopo!" akaniita. Jina hilo nilipewa na watoto wa skuli enzi nilipokuwa nikizunguka Pemba na makopo ya kukusanyia mkojo, kazi ya utafiti wa kichocho, ugonjwa wa minyoo uletwao na konokono wa majini. Sikumtambua. Akaniambia alikuwa mmoja wa watoto wale, na sasa ana wanawe watatu. Kisha akaniuliza, bila ubaya, huku anacheka: "Mzee wangu, ule mkojo wetu umefika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililipa muhogo nikaondoka, na barua hii nimeianza njiani.

Wengi wenu hamkuwapo, kwa hivyo nieleze. Walikuja wageni kutoka taasisi moja ya ng'ambo. Watu wazuri, wacheshi, wanakula kila wanachoandaliwa. Tulifanya nao kazi wiki sita. Sisi ndio tulioijua njia, tuliojua sheha yupi apelekewe habari mapema asije akaona amedharauliwa, na mama yupi akiridhia basi mtaa mzima utaridhia. Watoto tulikuwa tukiwatoa darasani baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi katika mkojo wa wakati huo. Tukachuja, tukahesabu mayai kwa hadubini, na sehemu ya kila sampuli ikatiwa kwenye boksi la barafu ikasafiri. Tukapeana mikono, tukapiga picha. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema sampuli zile ni za nani, zitawekwa miaka mingapi, nani ana ruhusa ya kuzifungua tena, na majibu yatarudi kwa nani. Barua zangu mbili za mwanzo zilijibiwa. Ya tatu nangoja mpaka leo.

Sisemi waliiba. Pengine mkubwa wao alistaafu, pengine friza ilihamishwa na aliyekuja nyuma yake hakujua kilichomo. Lawama kubwa naiweka kwangu, kwa sababu niliona haya kudai maandishi. Nilidhani kumwambia mgeni "tuandikiane" ni kumwita mwizi. Na mimi nimekaa chuo cha Qur-ani tangu mdogo, aya ya deni katika Suratul Baqara naijua, ndefu kuliko aya zote za Qur-ani: mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, wekeni mashahidi, wala msichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Haikusema muandikiane na msiowaamini tu. Nilichokuja kukwambieni ndicho hicho: andikianeni mkiwa bado mnapendana, kabla kopo la kwanza halijajaa.

Wala sikukatazeni kushirikiana na wageni. Ningekuwa mpumbavu, maana faida yake nimeiona. Tazameni kisa cha madini ya chuma, ambacho nyinyi mlikuwa wadogo kilipotokea, na pengine baadhi yenu mlikuwa ndani yake bila kujua. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi ilikuwa na miaka miwili tu tangu ifunguliwe mwaka 2000. Ikashirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kuwapa watoto wadogo wa Pemba chuma na asidi ya foliki, wengine pamoja na zinki, na wengine kidonge kisicho na kitu ili pawe na pa kulinganisha. Watoto zaidi ya 24,000, wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Siku zile ilionekana chuma ni kheri tupu kwa mtoto, maana upungufu wa damu ulikuwa umejaa kila nyumba. Agosti 2003 kamati huru ya usalama ikasimamisha kugawa chuma: waliopewa walikuwa wakilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, nyongeza ya hatari ilikuwa asilimia 12.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Toleo lilelile la Lancet lilikuwa na jaribio ndugu kutoka Nepal, sehemu ambayo malaria si tatizo kama ilivyokuwa kwetu, na kule chuma hakikumdhuru mtoto. Swali moja, nchi mbili, majibu mawili, na baina yao malaria ikaonekana ilipojificha. Pemba ikiwa peke yake tungesema chuma ni sumu. Nepal ikiwa peke yake wangesema ni salama pote. Na hapa hapa Pemba, kikundi kidogo kilichopimwa kwa undani kilionyesha kuwa mtoto mwenye upungufu wa chuma kweli alifaidika. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Yote hayo yamo ndani ya damu ya watoto wa Pemba, na wapo waliofariki katika hesabu ile. Mnapoandika "washiriki" katika makala zenu, neno hilo lisiwe jepesi mkononi.

Ushirika wa namna hiyo hauji kwa kungoja kuitwa. Nasikia kijana anajitambulisha, "Mimi niko timu ya kukusanya sampuli." Sawa, nami nilikuwa timu hiyo. Lakini swali lililokuleta kijijini ulilitunga na nani? Mkialikwa katika mradi ambao andiko lake limeshapelekwa kwa mfadhili, bajeti imeshafungwa, na jina lenu limetiwa dakika ya mwisho kwa sababu mfadhili anataka kuona nchi ya Kiafrika, basi nyinyi ni wapagazi wenye shahada. Mnaweza kuikubali kazi hiyo, mtu ana watoto wa kulisha, lakini msiiite ubia. Kuweni na maswali yenu yameandikwa, yamo mfukoni. Mgeni akija na lake, nanyi mtoe lenu.

Msidharau mlicho nacho. Konokono wa kichocho tulikuwa tukimwona mmoja, wa kaskazini na wa kusini mwa Unguja sawasawa. Watafiti wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London pamoja na wenzetu wa hapa walipovichunguza vinasaba ikabainika ni wawili. Yupo Bulinus globosus, anayekieneza kichocho, na yupo Bulinus nasutus wa kusini, ambaye hapa kwetu hakienezi. Ndiyo maana kusini hakikushika kama kaskazini. Mashine ya kusoma vinasaba ilikuwa yao. Lakini dimbwi lipi hukauka wakati wa kaskazi na lipi halikauki, kina mama hufulia wapi, watoto huogelea wapi wakitoroka skuli, hilo mashine haikulijua. Mchango huo uandikwe katika mkataba kama inavyoandikwa mashine.

Nikupeni kisa kimoja cha saa, kwa sababu kinanichekesha hadi leo. Fomu zetu zilikuwa na safu ya wakati wa kuchukua sampuli. Vijana wetu wakajaza kama wanavyosema midomoni: 4:30, 5:00, 6:15. Zikafika ng'ambo kwa mchambuzi, akaona watoto wa Pemba wamekojoa kwenye makopo alfajiri kabla ya jogoo. Akamwandikia mkubwa wake kwamba data imebuniwa, itupwe. Ikasalimika kwa sababu ya mwenzao mmoja aliyewahi kukaa Micheweni. Yeye aliwahi kualikwa chakula cha saa saba, akatokea saa moja asubuhi, akamkuta mwenye nyumba ndiyo kwanza anafagia uwanja. Akacheka, akapiga simu. Kazi ya wiki nzima ikaokoka kwa mwaliko wa chakula. Sasa nakuulizeni: katika mradi wenu, mchambuzi aliyeko mbali ana namba ya simu ya aliyejaza fomu? Amewahi kufika? Na nyinyi mmewahi kukaa naye mkaona data yenu inavyogeuzwa kuwa picha na jedwali? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisiloeleza maana ya kila safu ni sawa na kutokuwa na daftari.

Halafu majina, ambayo ndiyo yanayovunja urafiki kuliko fedha. Wahariri wa majarida ya tiba, ambao umoja wao ulianzia Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe na mchango wa maana katika kuipanga kazi, kuipata data au kuichambua, awe ameiandika rasimu au kuipitia kwa kina, aikubali nakala ya mwisho, na awe tayari kuijibia. Yote manne, si moja. Mtego umekaa kwenye la pili. Umekusanya data miaka mitatu, rasimu haikuletwa, kisha unaambiwa hukutimiza masharti, ukatiwa mwishoni kwenye shukurani pamoja na madereva. Kanuni zenyewe zinasema masharti hayo yasitumiwe kumfungia mtu mlango kwa kumnyima nafasi ya kuipitia rasimu. Basi swali la "rasimu itanifikia lini, na nitapewa siku ngapi?" liulizeni siku ya mwanzo, kwa adabu, na jibu lake liandikwe. Na siku ikifika, someni! Wapo wanaojibu "nimeona, ahsante" baada ya dakika tano, wakaja kulia baadaye.

Lakini tusiwanyooshee vidole wageni tu. Wapo wakubwa wetu ambao kopo hawakulishika wala makala hawakuisoma, na jina lao lazima litangulie kwa kuwa idara ni yao. Huo nao ni uporaji, ila unavaa kanzu.

Fedha nazipita haraka, mnazijua kuliko mimi. Neno langu ni moja: katika bajeti tieni fungu la umeme wa friza, fundi wa mashine na mafunzo ya kijana mmoja wa hapa hadi amalize. Nimeona mashine nyingi zimefunikwa kitambaa cha maua kama televisheni ya bibi.

Linaloniuma zaidi ni sisi kwa sisi. Kijana wa Pemba ana barua pepe ya profesa wa Basel, Uswisi, lakini hamjui mtafiti wa mwani wa Unguja, na wa Unguja hajawahi kupanda boti kuja kwetu ila kwa harusi. Wa Bara tunamwekea kinyongo, naye anatuwekea. Mbung'o aliondoka Unguja kwa sababu watu waliacha hayo. Madume zaidi ya milioni 8 walifugwa Tanga, wakaondolewa uzazi kwa mionzi, wakamwagwa juu ya Unguja kwa ndege baina ya mwaka 1994 na 1997. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akimpata dume asiyezaa basi kizazi kimekatika. Mbung'o mwitu wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Vienna kulikuwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lakini wafugaji wa inzi walikuwa Tanga na waliotega mitego msituni walikuwa Unguja. Mgawanye hivyo kazi zenu, kabla hamjamtafuta wa mbali.

Na mkimaliza, rudini kijijini. Si kwa warsha ya hotelini; rudini kwenye barza ya sheha, na karatasi moja ya Kiswahili. Semeni hata pale mambo yalipokataa. Ule mpango mkubwa wa kichocho wa mwaka 2012 hadi 2017 uligusa shehia 90, 45 kila kisiwa. Kwengine iligawiwa dawa tu, kwengine dawa na kuua konokono, kwengine dawa na elimu. Kichocho kilishuka sana lakini hakikukatika, na mbinu zile hazikupishana kwa kiasi cha kutangaza mshindi. Mzee wa kijiji akielezwa hivyo anaelewa. Yeye analima, anajua kuna misimu unapalilia vizuri na bado.

Mimi daftari langu la enzi zile ninalo, jalada limeliwa na mende. Namba zinaanza 001 hadi 386, kila moja ina herufi P mbele yake. Wengine kati yenu mwaka huu mnakwenda kusoma ng'ambo. Ikitokea mtu akafungua friza ya watu akakuta vichupa vya zamani vyenye alama hizo, asivitupe, na asivifungue. Anijulishe kwanza. Yule bwana wa sokoni nimeshamtafuta daftarini, ni P 117.

Mzee wenu,
Bwana Kopo
Chake Chake, Pemba